Salim Ahmed Salim: Balozi wa Miaka 22

Hebu jiulize: kijana wa miaka 22 hapo mtaani kwenu anapewa kazi gani? Wengi bado wanazunguka na vyeti mkononi, na wazee wanasema, "Ngojeni, bado nyinyi watoto." Basi mwaka 1964 mtoto wa Zanzibar aitwaye Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa 1942, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Miaka yake ilikuwa 22 tu!

Usidhani iliangukia tu. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa wanafunzi, akafanya kazi katika ofisi ya Wazanzibari huko Havana, Cuba, kisha akahariri gazeti. Kutoka Cairo akaenda India, halafu China, na mwaka 1970 akafika New York kuiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Huko alikaa miaka kumi. Kuanzia 1972 aliongoza kamati iliyoshughulikia nchi zilizokuwa bado chini ya ukoloni, na mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu, naye ana miaka 37.

Lakini kuna siku moja ambayo ilimfuata miaka mingi. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipiga kura kuirudishia China ya Beijing kiti chake. Waliokubali walikuwa 76, waliokataa 35. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na Salim na wenzake wakashangilia waziwazi. Marekani, iliyokuwa imeshindwa, haikupendezwa hata kidogo. Balozi wake pale alikuwa George Bush.

Sasa twende 1981. Afrika ilimsimamisha Salim awe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, dhidi ya Kurt Waldheim aliyetaka kipindi cha tatu. China ikamzuia Waldheim kwa kura ya turufu, Marekani ikamzuia Salim. Bush wakati huo alikuwa Makamu wa Rais. Wakarudia kura mara 16, wiki baada ya wiki, hakuna aliyepita! Mwisho wote wawili wakakaa kando na kiti akakipata Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wengi wetu tukinyimwa kitu kimoja tunasusa na kulaumu dunia nzima. Salim alirudi kwenye kazi yake ya Waziri wa Mambo ya Nje. Edward Sokoine alipofariki kwa ajali mwaka 1984, akateuliwa Waziri Mkuu. Mwaka 1985 jina lake lilitajwa sana kwa urais, lakini akapewa Ali Hassan Mwinyi. Salim akashika wizara ya ulinzi. Mwaka 1989 akachaguliwa Katibu Mkuu wa OAU, akakaa Addis Ababa hadi 2001, vipindi vitatu.

Huko hakukuwa na raha. Mwaka 1993 OAU ilianzisha chombo cha kuzuia na kutatua migogoro, lakini hakikuwa na pesa wala jeshi, na mwaka 1994 Rwanda ikateketea. Baadaye alisuluhisha Darfur. Mkataba wa Abuja wa 2006 ulitiwa saini na kundi moja kubwa tu la waasi, na vita havikuisha.

Mwaka 2005 aliomba tena kugombea urais kupitia CCM. Yakatolewa maneno juu ya asili yake na siasa za zamani za Zanzibar, na kura zikaenda kwa Jakaya Kikwete. Mwaka 2019 China ilimpa Nishani ya Urafiki, miaka 48 baada ya kura ile.

Kijana mwenzangu, nawe pengine umeshaambiwa kuwa jina lako au kwenu ndiko kunakokuzuia. Huenda ni kweli. Kwa Salim ilikuwa kweli zaidi ya mara moja. Lakini hebu hesabu kazi alizofanya baada ya kila mlango kufungwa, kisha uchukue vile vyeti vyako utoke tena kesho asubuhi.