Nani Apewe Jina: Miaka Arobaini ya Ugomvi wa Sifa katika Programu Huria

Mei 1996 lilitoka toleo la 19.31 la Emacs, kihariri cha maandishi kilichopendwa sana na waandishi wa programu. Ndani yake mlikuwa na badiliko la herufi moja. Pale ambapo faili za usanidi ziliutaja mfumo wa kompyuta kwa jina la linux, sasa palisomeka lignux. Aliyeichomeka herufi hiyo ni Richard Stallman, na nia yake haikufichika: alitaka kila anayelisoma jina lililokwisha kuenea duniani aione ndani yake GNU, kazi aliyoitangaza mwaka 1983. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika, na lignux ikaachwa. Mahali pake Stallman akashika GNU/Linux, jina linalobishaniwa hadi leo.

Mtu wa nje hushangaa kuona watu wanaotoa kazi yao kwa hiari wakigombea majina. Lakini programu huria hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Mwandishi akishauachia msimbo wake kwa masharti hayo, hana tena namna ya kumzuia mwingine asiuchukue. Kinachombakia ni kutajwa, na kutajwa huleta ajira, michango, mialiko na sauti katika kuamua kazi ielekee wapi. Msimbo unaweza kuwa wa wote kwa wakati mmoja, lakini jina halikubali hivyo. Katika miaka arobaini iliyopita waandishi wa programu wamejaribu kuilinda sifa yao kwa njia kuu nne: kuomba watajwe, kulazimisha kwa leseni, kusajili jina kisheria, na kuandika kumbukumbu kazi inapofanyika. Njia hizo hazikuzaa matunda sawa.

Mfumo uliokosa kiini

Stallman alikuwa mfanyakazi wa maabara ya akili mnemba katika chuo cha MIT, Marekani. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima unaofanana na Unix, lakini ulio huru, akauita GNU, yaani "GNU si Unix". Januari 1984 alijiuzulu ili chuo kisije kudai umiliki wa kazi hiyo. Mwaka 1985 shirika la Free Software Foundation likaundwa kuisimamia. Vipande vikaanza kukamilika: kompaila ya GCC mwaka 1987, kisha mwaka 1989 Bash, programu ya kupokea amri iliyoandikwa na Brian Fox, pamoja na leseni ya GPL. Kilichokosekana ni kiini, ile sehemu inayozungumza na vifaa vya kompyuta na kuzigawia programu nyingine muda na kumbukumbu. Kazi ya kiini cha GNU, kilichoitwa Hurd, ilianza mwaka 1990 ikajikokota.

Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo wake kwa kujifurahisha, na kwamba hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu kama GNU. Yeye alikusudia kuuita Freax. Ari Lemmke, aliyekuwa akisimamia seva iliyopokea faili hizo nchini Finland, hakulipenda jina hilo, akaziweka katika folda aliyoiita linux. Kwa hiyo hata jina lililokuja kuzua mabishano yote haya halikuchaguliwa na mwenye kazi. Kiini hicho kilijengwa kwa kompaila ya GNU, na mwaka 1992 Torvalds alikihamishia kwenye leseni ya GPL. Watu wakaunganisha kiini chake na vifaa vya GNU, ukapatikana mfumo kamili, na ule mfumo wote ukaitwa kwa jina la kiini.

Mmoja wa waunganishaji hao alikuwa Ian Murdock, aliyeanzisha Debian Agosti 1993, akaipa jina kwa kuunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Free Software Foundation iliifadhili Debian kuanzia Novemba 1994 hadi Novemba 1995, na mradi huo ukajiita rasmi Debian GNU/Linux. Wengine wengi hawakufuata.

Hoja za pande mbili

Stallman alianza kwa takwimu. Alieleza kwamba muuzaji mmoja wa CD alipoupima mkusanyo wake aliona programu za GNU zimefikia asilimia 28 ya msimbo wote, na kiini cha Linux asilimia 3 tu. Wapinzani wakamgeuzia hoja hiyohiyo: mfumo wa madirisha wa X ulitoka MIT, programu ya kupanga chapa ya TeX ilitoka kwa Donald Knuth, seva ya Apache ina watu wake; tukihesabu kwa uzito, jina la mfumo litajaa ukurasa. Mwaka 2001 David Wheeler alihesabu mistari ya msimbo ya mkusanyo wa Red Hat Linux 7.1 akapata zaidi ya milioni 30, na kiini kikiwa na takribani milioni 2.4. Hesabu hiyo ilionyesha wazi kwamba hakuna upande unaoweza kudai umeujenga mfumo peke yake.

Hoja ya Stallman iliyosimama vizuri zaidi ni ya kusudio. Wengine waliandika programu moja moja walizozihitaji. GNU ilidhamiria mfumo mzima tangu siku ya kwanza, ikaandika hata vipande vya kuchosha ambavyo hakuna aliyevitamani. Tena ilifanya hivyo kwa sababu ya uhuru wa mtumiaji. Jina likipotea, alisema, watumiaji watadhani mfumo wao ulizaliwa mwaka 1991 kwa mchezo wa mwanafunzi, na sababu ya kuwapo kwake itasahauliwa. Torvalds kwa upande wake aliona kwamba mkusanyo uliotengenezwa na watu wa GNU una haki ya kujiita hivyo, lakini kuita kila kitu GNU/Linux ni kichekesho. Mwaka 1999, katika maonyesho ya LinuxWorld, Free Software Foundation ilipewa tuzo iliyobeba jina la Linus Torvalds. Stallman aliipokea akitania kwamba ni sawa na kuwapa waasi wa filamu ya Star Wars tuzo ya Han Solo.

Ombi la Stallman lilishindwa midomoni mwa watu. Mikusanyo ya Red Hat, SUSE na baadaye Ubuntu ilijitambulisha kwa jina la Linux, au bila jina hilo kabisa. Hata hivyo, kompaila na faili za usanidi zinaendelea kuutaja mfumo huo kama linux-gnu. Na ilipokuja Android mwaka 2008, hoja yake ilipata shahidi asiyemtarajia. Simu nyingi zinazotumiwa leo Nairobi, Dar es Salaam au Goma zinaendeshwa kwa kiini cha Linux bila vifaa vya GNU, na karibu hakuna anayesema ana Linux mfukoni. Kiini peke yake hakikutosha kuupa mfumo jina.

Shukrani kwa amri ya leseni

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichagua njia kali zaidi. Leseni ya mfumo wake wa BSD ilidai kwamba kila tangazo linalotaja sifa za programu hiyo liwe na sentensi ya kukitambua chuo na wachangiaji wake. Sentensi moja haimchoshi mtu. Lakini waandishi wengine waliiga leseni hiyo, wakatoa jina la Berkeley na kuweka yao. Stallman alipolipitia toleo moja la NetBSD la mwaka 1997 alihesabu sentensi 75 za namna hiyo. Mtu mwenye nia ya kutangaza bidhaa yake kwa robo ukurasa angelazimika kuijaza shukrani tupu. Isitoshe, sharti hilo halikupatana na GPL, hivyo msimbo wa pande hizo mbili haukuweza kuchanganywa kihalali. Julai 1999 Berkeley yenyewe ililifuta sharti hilo.

Somo hilo halikuwafikia viongozi wa XFree86, mradi uliokuwa ukitoa mfumo wa madirisha kwa karibu kila kompyuta ya Linux. Mwanzoni mwa 2004 walibadilisha leseni, wakadai shukrani kwa mradi wao zitajwe katika nyaraka za mtumiaji. Debian, Red Hat na wengine walikataa kulichukua toleo jipya la 4.4. Walikuwa na ruhusa ya kuendelea na msimbo wa awali, basi wakauchukua. Aprili mwaka huohuo shirika la X.Org lilitoa toleo lililojengwa juu yake. XFree86 ilibaki na jina lake na leseni yake, lakini watumiaji wake walikwisha kuhama.

Jina lenye hati

Njia ya tatu ni ya msajili. Mwaka 1994 mtu mmoja wa Boston aliomba kulisajili neno Linux kama alama ya biashara nchini Marekani, akalipata mwaka uliofuata, kisha akawadai wachapishaji na wafanyabiashara asilimia 10 ya mapato. Ilihitajika kesi, na mwaka 1997 alama hiyo ikahamishiwa kwa Torvalds. Kuanzia hapo miradi mingi ilitambua kwamba leseni inayouachia msimbo haiachii jina, na kwamba asiyelisajili jina lake mapema anaweza kulikuta mikononi mwa mwingine.

Hati hiyo ilileta ugomvi wa aina mpya. Mwaka 2006 Mozilla iliwaambia Debian kwamba anayetumia jina la kivinjari chake, Firefox, lazima atumie pia nembo yake, na marekebisho yake yaidhinishwe. Nembo haikuwa na leseni huru, na Debian haikukubali kuomba idhini ya kutia viraka vya usalama. Kivinjari kilekile kikaitwa Iceweasel ndani ya Debian kwa miaka kumi, hadi pande hizo zilipopatana mwaka 2016.

Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun Microsystems mwaka 2010 ilirithi majina kadhaa. Wachangiaji wa programu ya ofisi ya OpenOffice waliondoka Septemba mwaka huo na msimbo wao, wakaiomba Oracle iwaachie jina, na walipokosa wakabaki na LibreOffice. Januari 2011 jumuiya ya programu ya Hudson, iliyoanzishwa na Kohsuke Kawaguchi, ilipiga kura 214 dhidi ya 14 kujiita Jenkins. Michael Widenius alikuwa ameipa hifadhidata ya MySQL jina la bintiye My; alipoanza upya nje ya Sun, iliyokuwa ikiimiliki, alitumia jina la binti mdogo, ikawa MariaDB. Katika kisa cha Oracle na wachangiaji wa OpenOffice na Hudson, mwenye hati alilinda jina, na wafanyakazi wakaenda na kazi.

Wazo nalo lina mwenyewe

Jina lenyewe linaweza kuwa mchango. Februari 1998, wiki chache baada ya Netscape kutangaza kwamba itafungua msimbo wa kivinjari chake, kundi dogo lilikutana Palo Alto, California. Christine Peterson alikuwa amebuni istilahi ya chanzo wazi, kwa sababu neno la Kiingereza lililozoeleka, free, liliwafanya wafanyabiashara wadhani jambo zima ni kutolipa. Eric Raymond na Bruce Perens wakaibeba istilahi hiyo hadi ikaenea, huku Stallman akiikataa kwa kuwa inauacha uhuru nje ya mlango. Peterson alichapisha simulizi yake mwenyewe mwaka 2018, miaka ishirini baadaye.

Wazo la kiufundi nalo huzua madai hayohayo. Mwaka 2007 Con Kolivas, daktari wa Australia aliyejifunza kuandika msimbo wa kiini wakati wa mapumziko, aliona kwamba ratiba ya kugawa muda wa kichakataji aliyoipigania kwa muda mrefu imepitwa na nyingine iliyoandikwa na Ingo Molnár kwa falsafa hiyohiyo ya kugawa kwa haki. Molnár alimtaja Kolivas waziwazi, na ndani ya msimbo wa kiini uliwekwa mstari unaosema muundo huo wa haki ni wake. Kolivas aliondoka hata hivyo. Kutajwa katika maelezo kulilipa deni la wazo, lakini hakukumpa nafasi ya kuisimamia kazi.

Daftari la kazi

Njia ya nne ilizaliwa na hofu ya mahakama. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai msimbo wake umeingizwa katika Linux. Mei 2004 Torvalds akaweka utaratibu kwamba kila badiliko liwe na mstari wa sahihi wa mtu anayethibitisha asili yake. Mwaka 2005 aliandika Git, programu inayotunza kwa kila badiliko jina la aliyeliandika na, kando yake, jina la aliyelipokea. Baadaye ikawa desturi kumtaja aliyegundua kasoro, aliyejaribu na aliyehakiki. Utaratibu uliokusudiwa kuwa kinga ya kisheria ukawa rejista ya sifa pana kuliko leseni yoyote iliyoidai. Umedumu kwa sababu sifa huandikwa kazi inapofanyika, na hakuna anayelazimika kuirudia katika tangazo wala midomoni.

Kwa Kiswahili jambo hili liko karibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na washirika wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Programu nyingi huria hutafsiriwa kupitia faili za PO, zinazotumiwa na gettext, chombo cha GNU. Kichwa cha faili hizo kina nafasi ya jina la mtafsiri wa mwisho, na maelezo ya juu yana nafasi ya mwandishi wa kwanza. Walio katikati, ambao mara nyingi ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi, hawana mahali maalumu. Majina yao hubaki tu ikiwa kila anayeigusa faili ataongeza mstari wake, na anayeipokea hatafuta mistari ya waliomtangulia. Atakayetaka siku moja kuandika historia ya kompyuta kwa Kiswahili ataitegemea mistari hiyo, maana hakuna leseni wala hati itakayomrudishia majina ambayo hayakuandikwa.