Matibabu ya ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, misuli hukakamaa, hatua hufupika. Hakuna tiba iliyothibitika kuzuia seli hizo zisife. Dawa, mazoezi ya viungo na upasuaji hupunguza dalili tu.

Dopamini yenyewe haifai kumezwa, kwani haiwezi kutoka kwenye damu ikaingia ubongoni. Levodopa huingia, kisha hugeuka dopamini humo humo. Mwaka 1961, mjini Vienna, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz waliwadunga wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakasimama. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kuwa dozi kubwa za kumeza zinafaa. Siku hizi levodopa huchanganywa na kabidopa au benserazidi isije ikageuka dopamini njiani na kuleta kichefuchefu. Levodopa imo pia katika mbegu za upupu, mmea uleule ambao watoto wa shamba huukimbia kwa muwasho. Lakini kiasi chake hakilingani mbegu kwa mbegu, kwa hiyo kuzitafuna si badala ya vidonge.

Taabu huja baada ya miaka. Dozi huisha nguvu kabla ya saa ya nyingine, na ikizidi, mwili hujinyonganyonga wenyewe. Protini ya maharage au nyama nayo hushindana na dawa kufyonzwa, ndiyo maana wengi huambiwa wameze kama nusu saa kabla ya kula.

Wagonjwa wa namna hii ndio hufikiriwa kwa upasuaji. Zamani madaktari waliunguza sehemu ndogo ya ubongo, na kosa halikuwa na marekebisho. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Alim-Louis Benabid, aliyezoea kupima mahali pa kuunguza kwa umeme, aliona mkondo wa kasi ukizima mtetemeko bila kuunguza chochote. Leo waya mwembamba huachwa ubongoni na kuunganishwa, chini ya ngozi, na betri iliyowekwa kifuani. Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati wa upasuaji, akiombwa ainue mkono ili daktari aone kama umetulia. Ukiacha mtetemeko, dalili isiyosikia levodopa kwa kawaida haisikii umeme pia. Anayeangukaanguka hata dawa ikiwa kazini, au aliyepoteza kumbukumbu sana, kwa kawaida hafanyiwi.