Kiti cha mteja: historia fupi ya butiki zetu Butembo na Beni

Leo tuache kidogo habari za vita. Tuzungumze juu ya kiti.

Hapa Butembo, si mbali na soko kuu, kuna butiki ndogo ya sabuni, chumvi, mafuta na vitenge vichache. Mlangoni kuna kiti kidogo cha mti. Asubuhi moja nilikuwa pale nikinunua betri za redio yangu. Mama mmoja akafika, mtoto mgongoni. Alikuwa amekimbia kutoka kusini ya teritware ya Lubero. Akasimama nje, hakuingia.

"Karibu, mama. Ikala kwanza," mwenye butiki akamwambia.

"Papa, sina franka za kutosha. Niko nauliza tu bei ya sabuni."

"Kuuliza bei hakulipishwe, mama. Ikala, upumzike."

Akaikala. Mwishowe alinunua kipande cha sabuni. Wakati tulitoka, aliniambia kwamba kwenye butiki nyingine, siku iliyotangulia, walimwomba asimame mbali ili asifukuze wateja. Neno hilo lilinisumbua. Ndiyo sababu nimeuliza wazee na kurudia vitabu: desturi ya kumkaribisha mtu dukani ilitoka wapi kwetu?

Wakati mteja alisimama nje

Butembo haikuanza kama mji mkubwa wa biashara. Miaka ya 1920, wakati wa Wabelgiji, kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs iliingia katika milima yetu kutafuta zahabu. Kituo chake kilivuta watu, na watu wakavuta biashara. Lakini magazini makubwa yalikuwa ya wageni: Wabelgiji, Wagiriki, na katika miji mingine ya mashariki, Wahindi.

Katika miji mingi ya Kongo ya wakati ule, mtu mweusi hakuingia dukani kama anavyoingia leo. Aliuziwa kupitia dirisha dogo, akiwa amesimama kwenye jua ama kwenye mvua. Alionyesha kitu kwa kidole, akalipa, akaenda. Hakugusa kitambaa, hakuuliza sana. Mali ilikuwa nzuri, rafu zilijaa, lakini duka halikuwa lake.

Kwa hiyo, wakati wazee wetu walianza kufungua butiki zao, jambo la kwanza walilobadilisha halikuwa rangi ya ukuta. Walimwacha mteja aingie. Mtu alisalimiwa kwa lugha yake, "Wavukire", akaulizwa habari za nyumbani, watoto na shamba, ndipo bei ikatajwa. Na akiondoka, "Wasingya". Salamu hiyo haikuongeza hata franka moja kwenye bei.

Mali iliisha, watu wakabaki

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni vitapewa Wazairwa. Ndiyo ile tunayoita zairianizasyo. Katika sehemu nyingi za nchi, waliopewa maduka waliuza mali iliyokuwa ndani, wakakula franka, na rafu zikabaki tupu. Ilionekana wazi kwamba kupewa ufunguo wa duka si kujua kuliendesha.

Wafanyabiashara wa kwetu wengi walipita njia nyingine. Walianzia chini. Mtafiti Janet MacGaffey, aliyeandika juu ya biashara ya Zaire miaka ya 1980, alieleza namna Wanande walipeleka mboga na maharagwe mbali, mpaka Kisangani na Kinshasa, na namna faida ya mboga ilizaa kamyo, na kamyo ikazaa duka. Kahawa nayo ilivuka mpaka kwenda Uganda, mali ya dukani ikarudi kwa njia ileile.

Kisha ikaja Noeli ya mwaka wa 1979. Tarehe 25 Desemba serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina tena thamani, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Ukiwa kijijini, mbali na banki, ungefanya nini? Waliokuwa wameficha noti nyumbani walizikosa. Lakini kulikuwa na hazina moja ambayo Kinshasa haikuweza kuifuta kwa tangazo: mtu anayekujua, anayekuamini, anayekupa mali leo umlipe juma lijalo.

Hapo ndipo unaelewa kazi ya kile kiti. Mteja aliyekaa alizungumza. Akizungumza, mwenye butiki alijua mtoto wa nani amefaulu, nani amepoteza mume, nani amevuna. Jina lake likaingia katika kaye ya madeni. Pale ambapo banki ilikuwa mbali na serikali ilikuwa haiaminiki, kiti na kaye ndivyo vilifanya kazi ya banki. Ndiyo, kuta nyingine zilibeba maandishi yanayosema kwamba mkopo umekufa. Lakini chini ya meza, kaye ilikuwa pale.

Mwanga kidogo, moyo mkubwa

Miaka ya 1990 na baadaye, wakubwa wa biashara wa Butembo walienda Dubai, kisha Hong Kong na Guangzhou. Makontena yakapita Mombasa na Kampala, yakaingia Kasindi, yakapanda mpaka Beni na Butembo. Vitenge vikatundikwa mpaka juu, termosi zikapangwa kwa rangi. Umeme haukuwepo kwa miaka mingi. Duka liliwashwa kwa taa ya petroli ama kwa jenereta iliyolia mlangoni, na butiki ndogo ilifunga mapema. Lakini sakafu ilifagiliwa asubuhi, vumbi likapanguswa, mali ya bei ndogo ikawekwa karibu na mlango ili asiye na kitu asione haya kuingia. Mtoto aliyetumwa alipewa bomboni moja ya nyongeza. Hayo yote hayakuhitaji umeme.

Halafu tukapata Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na zaidi ya watu 2.200 walikufa, wengi wakiwa wa Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Salamu ya mkono ikakatazwa. Ndoo ya maji yenye klori ikawekwa penye palikuwa kiti. Tulianza kuogopana. Nakumbuka butiki ambazo ziliwafokea watu: "Nawa!" Nakumbuka pia zile zilizosema: "Karibu, tunawe kwanza, ndipo tusalimiane." Ndoo ilikuwa moja, maji yaleyale. Lakini ule wa kwanza alijisikia mgonjwa, na wa pili alijisikia mgeni wa nyumba.

Mtu asiyejulikana

Sasa turudi kwa yule mama. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamewahamisha watu kutoka Mbau, Eringeti, Oicha na vijiji vingi. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23, na familia zingine nyingi zikapanda njia ya Lubero mpaka hapa kwetu. Wako katika kartie zetu, katika nyumba zetu, kwenye foleni ya maji.

Wenye butiki wana shida ya kweli, na sitaificha. Kaye ya madeni ilijengwa juu ya kujuana: kanisa moja, kartie moja, ukoo mmoja. Mhamiaji hana mtu wa kumsimamia, na anaweza kuondoka kesho kama njia inafunguka. Yule papa mwenyewe aliniambia: "Deni siwezi kumpa kila mtu. Nitafunga. Lakini kiti hakinigharimu."

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nafikiri hatujasoma methali hiyo vizuri. Jembe si kumfukuza, ni kumpa nafasi katika kazi ya nyumba. Butiki inaweza kufanya vilevile: kumwuzia mtu kipande pale ambapo hawezi kununua kizima, kumtuma apime unga, kumwandika deni la sabuni moja na kuona kama atarudi. Wengi wanarudi. Ndivyo jina linaanza kujulikana.

Na tusisahau: wazee wetu walikuwa watu wasiojulikana pia. Muuza mboga kutoka Lubero aliyeshuka Kisangani na magunia yake, aliyefika Kampala bila kujua lugha ya mji, alikuwa mgeni. Kuna mtu alimwambia aikale. Utajiri ambao Butembo inajivunia leo ulianza kwenye kiti cha mtu mwingine.

Kwa nyinyi mliohama, ambao mnatusikiliza kutoka kwa jamaa zilizowapokea: ingieni, ulizeni bei. Kuuliza si kosa wala si uombaji. Kwa nyinyi wenye butiki na kantini, Bulengera, Kimemi, Mususa, Vulamba, mpaka Beni, Bungulu na Mulekera: siombi mtoe mali bure. Angalieni tu mlangoni kwenu asubuhi ya kesho. Kama kile kiti kilitolewa wakati wa Ebola na hakijarudi, kirudisheni.