Kura za Butembo na Beni

Watu wakizungumza juu ya uchaguzi, mara nyingi wanataja wagombea na ahadi zao. Sisi leo twataka kutazama mambo ambayo wengi huyaona madogo: nani anaandika majina, nani analinda sanduku, nani anahesabu kura, na hesabu hiyo inabandikwa wapi. Maana katika nchi yetu mambo hayo yameamua mengi kupita hotuba zote, nasi watu wa Butembo na Beni twayajua kwa sababu tumepata uchungu wake.

Wazee wetu walipiga kura ya taifa mara ya kwanza katika mwezi wa Mei 1960, lakini wanaume peke yao; mama zetu walingoja mpaka Katiba ya 1967. Kisha ikaja kura ya 1970. Mgombea alikuwa mmoja tu, Mobutu, na karata zilikuwa mbili: ya kijani ya kumkubali, na nyekundu ya kumkataa. Wakubwa wa Leta walitangaza kura za kumkubali zaidi ya milioni 10, na za kumkataa 157. Mtu anayechukua karata nyekundu mbele ya macho ya watu wote, je, amechagua? Hapo kosa halikuwa la mpiga kura. Lilikuwa katika namna ya kupigisha kura.

Twende basi mpaka mwaka 2005. Vita vilikuwa vimepunguka, barabara zilikuwa zimeharibika, na hesabu ya watu wote wa nchi haikuwa imefanywa tangu 1984. Aliyepewa kazi ya kuongoza Tume ya Uchaguzi alikuwa padri wa jimbo letu, Apollinaire Malu Malu, aliyekuwa rekta wa Université Catholique du Graben hapa Butembo. Kuna waliouliza kama kazi hiyo yafaa kwa padri, nao hawakuuliza bure, maana kanuni 285 ya Sheria ya Kanisa inawakataza mapadri kushika vyeo vya kutawala raia. Swali hilo twawaachia walimu wa sheria. Sisi twatazama kazi yenyewe.

Watu zaidi ya milioni 25 waliandikwa, na kila mmoja akapewa karata yenye picha yake, ambayo kwa wengi ndiyo ilikuwa kitambulisho cha kwanza katika maisha yao. Tarehe 30 Julai 2006 wagombea 33 walishindania uraisi. Kura zilihesabiwa palepale zilipopigwa, mbele ya mashahidi wa vyama. Hati ya hesabu ikatiwa sahihi, na nakala yake ikabandikwa mlangoni. Wafuasi wa Jean-Pierre Bemba walilalamika sana kwamba tume ilimpendelea Joseph Kabila, na mapigano yalitokea Kinshasa. Lakini karatasi ile ya mlangoni ilikuwa silaha nzuri ya mnyonge. Mkatekista wa kijiji aliweza kuisoma, kuinakili katika daftari lake, kisha kuilinganisha na hesabu iliyotangazwa Kinshasa.

Padri Malu Malu alifariki tarehe 30 Juni 2016. Miaka miwili na nusu baadaye mji wa chuo chake ulifutwa katika kura ya raisi.

Habari ilikuwa hivi. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018. Uchaguzi ulipangwa kwa Desemba. Tarehe 26 Desemba, siku nne mbele ya kura, tume iliyoongozwa sasa na Corneille Nangaa ilitoa barua: Beni mji na teritwari, Butembo, na Yumbi kule Mai-Ndombe, watapiga kura mwezi wa Machi. Kwetu sababu zilizotajwa ni ugonjwa na mashambulizi. Lakini raisi mpya alipaswa kuapishwa mnamo Januari! Kura ya Machi ingemchagua nani?

Hatusemi kwamba hatari haikuwapo. Tulizika watu. Lakini masoko yalikuwa wazi, shule zilikuwa wazi, na wagombea walikuwa wamekuja kukusanya umati. Liberia ilichagua maseneta tarehe 20 Desemba 2014 katikati ya Ebola. Watu walinawa mikono na kupimwa joto. Marekani nayo ilimchagua raisi mwaka 2020 katikati ya Covid, na wengi walituma kura zao kwa posta. Watu wa Beni walionyesha jambo hilo hilo. Tarehe 30 Desemba walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura zao wenyewe juu ya makaratasi ya kawaida. Hakuna aliyezihesabu Kinshasa.

Tazameni sasa hesabu. Tume ilimpa Félix Tshisekedi kura 7,051,013, na Martin Fayulu 6,366,732. Tofauti ni 684,281. Walioandikwa katika sehemu zilizoachwa walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Hatuwezi kusema kwamba wangegeuza matokeo, kwa kuwa katika nchi nzima hata nusu ya walioandikwa hawakupiga kura. Tena maaskofu, waliokuwa na waangalizi 40,000, walisema kwamba hati walizoziona hazikupatana na matokeo hayo, na tume haikutangaza hesabu ya kila ofisi ya kura. Daftari la mkatekista halikuwa na kitu cha kulilinganisha nacho.

Kura ya wabunge ilifanyika kwetu tarehe 31 Machi 2019, Tshisekedi akiwa ameapishwa tangu 24 Januari. Na ugonjwa? Mwisho wa Desemba wagonjwa walikuwa karibu 600. Kabla ya siku ile ya Machi walikuwa wamepita 1,000. Basi ugonjwa uliozuia kura ya Desemba haukuzuia kura ya Machi, ijapokuwa ulikuwa umezidi.

Walioumia zaidi walikuwa wagonjwa. Tarehe 27 Desemba, kesho yake baada ya barua, watu wenye hasira walishambulia kituo cha wagonjwa kule Beni. Wengi wakasadiki kwamba Ebola ni hila ya wanasiasa, wakawaficha wagonjwa wao nyumbani, wakawafukuza waganga. Ugonjwa ulikwisha mnamo Juni 2020, ukiisha kuua zaidi ya watu 2,280.

Tarehe 20 Desemba 2023 Butembo na Beni walipiga kura ya raisi. Safari hii watu wa Masisi na Rutshuru waliachwa, kwa sababu ya vita vya M23. Siku tano mbele ya kura hiyo, kule Nairobi, Corneille Nangaa alikuwa ametangaza muungano wake mpya, na M23 ikawa ndani yake.