Visu vya zamani vya Tshopo: thamani iko wapi?

Kabla franka haijafika Boyoma, chuma kilikuwa pesa. Watopoke na Walokele wa upande wa Isangi walitoa mahari kwa liganda, bapa la mkuki linaloweza kumpita mtu kwa urefu. Halikuwa la kuwindia, lilihesabiwa tu. Kisu cha mwindaji ni kingine: kifupi, mpini wa mti, mara nyingi umezungushiwa waya wa shaba.

Mnunuzi mjuzi hutazama unene kwanza. Bapa lililofuliwa kwa nyundo halilingani: nene katikati, jembamba ukingoni, na alama za nyundo huonekana ukiligeuzia jua. Lililokatwa kwenye bati la gari ni sawa kote. Kisha hutazama mpini, kama umelainishwa na mikono au na msasa.

Wengi hukisugua kisu kwa mchanga ili king'ae, halafu wanakiuza. Hasara! Weusi ule wa zamani ndio unaolipiwa, na haurudi.

Kwa familia zilizokimbia vita vya Wambole na Walengola tangu 2023, kilo ya chuma chakavu ni franka chache. Bapa lenye jina la kijiji, na la binti aliyeolewa kwalo, halipimwi kwa mizani hiyo.