Ufunguo Uliorudi Mfukoni

Mwezi Aprili 1967, dola 420,000 taslimu zilitoka katika ghala la mizigo la Air France, kwenye kiwanja cha ndege cha John F. Kennedy jijini New York, bila kufuli kuvunjwa wala risasi kulia. Zilikuwa fedha zilizobadilishwa na watalii na askari wa Marekani huko Asia ya Kusini Mashariki, na sasa zilikuwa safarini kurudi kwenye benki za nyumbani. Usiku zililazwa katika chumba maalumu, na ufunguo wa chumba hicho haukutundikwa ukutani wala kuwekwa kwenye droo. Alitembea nao mlinzi. Henry Hill, mmoja wa wezi, alimsimulia mwandishi Nicholas Pileggi jinsi walivyoupata, na simulizi hiyo ikatoka kitabuni mwaka 1985. Msimamizi mmoja wa mizigo aliyekuwa upande wao aliwaambia kuwa mlinzi yule ana udhaifu kwa wanawake. Akatafutiwa mwanamke, na alipokuwa ameshughulika, funguo zikachukuliwa, zikachongwa nyingine, zikarudishwa pale pale alipoziacha. Usiku wa kazi yenyewe, Hill na mwenzake waliingia na sanduku kubwa la safari, wakafungua, wakajaza, wakaenda zao.

Kwa kipimo chochote cha daftari la ulinzi, mlinzi yule hakupoteza ufunguo. Kama angeulizwa asubuhi yake, angeutoa mfukoni na kuuonyesha bila wasiwasi. Nami nadhani hapo ndipo penye fundisho ambalo viwanja vikubwa vya ndege vimechukua zaidi ya nusu karne kulielewa, na bado havijalielewa vizuri: ufunguo wa kuogopwa si ule ambao mwenyewe amekuja kuripoti kuwa umepotea. Huo gharama yake ni kitasa kipya na nusu siku ya fundi. Wa kuogopwa ni ule ambao hakuna aliyesema neno juu yake, ama kwa sababu mwenyewe hajui, ama kwa sababu anajua na anaogopa.

Kiwanja hicho kilifunguliwa mwaka 1948 kikijulikana kama Idlewild, kikapewa jina la rais Kennedy mwezi mmoja baada ya kuuawa kwake mwaka 1963. Kufikia wakati huo mizigo ya anga ilikuwa imegeuka biashara kubwa, na mashirika ya ndege yalikuwa na maghala yao, yenye walinzi wao na funguo zao. Nje ya uzio kulikuwa na baa, wacheza kamari na wakopeshaji wa riba kali, na kundi la kina Hill, chini ya bosi wao Paul Vario, lilijua nani anadaiwa. Dereva aliyeshindwa kulipa deni la kamari aliweza kulilipa kwa kusimamisha lori mgahawani, ufunguo akauacha ndani, akaenda kunywa kahawa. Akitoka, lori halipo. Kisha anapiga simu polisi kulalamika kwamba ameibiwa, na katika orodha ya mambo yaliyopotea siku hiyo jina lake linaandikwa upande wa walioonewa. Mwenye kampuni alinunua kufuli imara zaidi, lakini kufuli haijui deni.

Tarehe 11 Desemba 1978 kundi hilo hilo lilirudi kiwanjani, safari hii kwenye ghala la Lufthansa, na kuondoka na dola milioni 5 taslimu pamoja na vito vya thamani ya dola 875,000. Hapa hapakuwa na haja ya kuchonga ufunguo, maana chumba cha hazina kilikuwa na milango miwili, na ukifungua mmoja kabla ya kufunga mwingine, kengele inalia. Ufunguo ulikuwa maarifa. Louis Werner, mfanyakazi wa mizigo aliyekuwa na deni la takriban dola 20,000 kwa mchezesha kamari, alieleza ratiba, zamu na tabia ya milango hiyo. Majambazi walimshika msimamizi wa usiku na kumlazimisha afungue kwa utaratibu sahihi. Werner alikuwa ameshawahi kuiba fedha za kigeni humo humo ghalani miaka miwili kabla, na alikuwa bado kazini. Miaka mitano baadaye, Novemba 1983, mambo yalijirudia kando ya kiwanja cha Heathrow, London, kwenye ghala la Brink's-Mat: mlinzi aitwaye Anthony Black aliwapa wezi chapa ya ufunguo wa mlango mkuu, nao waliokuja kutafuta fedha taslimu wakakuta tani tatu za dhahabu, thamani yake pauni milioni 26.

Atakuja msomaji na kusema nachanganya mambo mawili: hizi ni hadithi za usaliti, na usaliti si upotevu, aliyeangusha ufunguo kwenye daladala hana uhusiano wowote na aliyeuuza. Kwa upande wa hatia, kweli. Mmoja ni mhalifu na mwingine ni mtu aliyechoka baada ya zamu ya usiku. Ila mlango hauna habari na nia ya mtu. Kinachomfaa mwizi katika hali zote mbili ni kitu kimoja, yaani muda unaopita kati ya ufunguo kutoka mikononi mwa mwenye haki nao na ofisi kujua kwamba umetoka. Mlinzi wa Air France hakujua, kwa hiyo muda wake haukuwa na mwisho. Mfanyakazi anayeangusha kitambulisho na kunyamaza juma zima akiogopa barua ya onyo anampa mwokotaji juma zima. Anayeripoti baada ya saa moja hampi kitu.

Marekani ililazimika kulikubali hili kwa gharama ya damu. Tarehe 7 Desemba 1987, mfanyakazi wa USAir aliyekuwa amefukuzwa kazi kwa wizi mdogo alipita na bastola kwenye kiwanja cha Los Angeles akitumia kitambulisho ambacho hakuna aliyemnyang'anya, akapanda ndege ya PSA namba 1771 iliyombeba msimamizi aliyemfukuza. Watu wote 43 walikufa. Kitambulisho kile hakikuwa kimepotea wala kuibiwa wala kughushiwa. Kilikuwa cha kwake, kimemaliza haki yake, na hapakuwa na njia ya mlango kujua. Mwanzoni mwa 1989 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ikatoa kanuni ya kuvitaka viwanja vikubwa viweke mifumo inayoweza kumzuia mlangoni, papo hapo, mtu ambaye ruhusa yake imebadilika. Naiona kanuni hiyo kuwa mageuzi makubwa kuliko mashine zote za kupekua mizigo zilizofuata, ingawa haikusifiwa na mtu. Kwa mara ya kwanza swali halikuwa kama ufunguo ni wa kweli, bali kama bado unastahili kufungua.

Basi tatizo limekwisha, watasema wauzaji wa mifumo hiyo: kadi ikipotea inafutwa kwenye kompyuta. Inafutwa, ndiyo, mtu akisema. Mwaka 2015 uchunguzi wa televisheni moja ya Marekani ulifichua kwamba katika kiwanja cha Atlanta, chenye shughuli nyingi kuliko vyote duniani, zaidi ya vitambulisho 1,400 vya wafanyakazi vilikuwa vimepotea katika muda wa miaka miwili. Kanuni za huko zinataka kiwanja kiwape wafanyakazi wote vitambulisho vipya pale visivyojulikana viliko vinapovuka asilimia 5, na katika kiwanja chenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi asilimia hiyo ni bahari. Isitoshe, Desemba 2014 katika kiwanja hicho hicho ilibainika kuwa mpakia mizigo, akiwa na kitambulisho halali kabisa, alikuwa akiingiza bunduki na bastola kwa ajili ya mwenzake aliyezisafirisha New York kwenye ndege za abiria.

Jirani yetu Somalia iliona sura nyingine ya jambo hili. Februari 2016 bomu lililofichwa katika kompyuta lililipuka ndani ya ndege ya Daallo iliyokuwa imetoka Mogadishu kwenda Djibouti, na kamera zilionyesha kompyuta hiyo ikikabidhiwa baada ya ukaguzi na watu waliokuwa na uhuru wa kuzunguka humo. Ndege ilitua salama, aliyekufa ni mshambuliaji mwenyewe, na ofisa wa zamani wa usalama wa kiwanja akahukumiwa kifungo cha maisha. Baada ya hapo wengi walisema tumeshaambiwa zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo mfanyakazi apekuliwe kama abiria. Apekuliwe, sipingi; aliyemkagua mwenzake kila asubuhi hamtukani. Ninachopinga ni kuifanya methali hiyo kuwa sera nzima. Mahali ambapo kila mfanyakazi ni mshukiwa, hakuna atakayekwenda ofisini kusema ufunguo siuoni, wala atakayesema kwamba mwenzake wa zamu amezama kwenye madeni.

Viwanja vingi vya Marekani humtoza ada mfanyakazi aliyepoteza kitambulisho, na ada hupanda akipoteza tena. Wakubwa wa viwanja vyetu, Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, wakipata kishawishi cha kuiga utaratibu huo, wauige kinyume: aliyeripoti siku hiyo hiyo asitozwe hata senti, na aliyeficha atozwe kwa kuficha. Madaftari ya funguo nayo yakaguliwe kwa mkono kila mabadiliko ya zamu, ufunguo mmoja mmoja, mbele ya watu wawili.