Profesa Victor na vijana wa Jangwani

Wazee wa Yanga wakianza kuhesabu makocha wa kigeni waliopita Jangwani, Mromania Victor Stanculescu hakosi kutajwa. Jina lake la ukoo liliwatoa jasho wengi, basi akabaki Profesa Victor.

Alifundisha Yanga mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa vikombe, klabu haikuwa na njaa: ilikuwa imetwaa ubingwa wa Tanzania Bara mfululizo tangu 1968 hadi 1972. Kocha mwingine angekula matunda ya waliomtangulia. Yeye akageukia vijana, ikazaliwa timu iliyokuja kujulikana kama Yanga Kids, na hiyo ndiyo inayomfanya akumbukwe kuliko kombe lolote.

Miaka hiyo ilikuwa na raha zake. Nyamagana, Mwanza, Agosti 10, 1974, Adam Sabu aliitanguliza Simba mapema. Gibson Sembuli akasawazisha mashabiki wa Msimbazi wakiwa wameshaanza kusherehekea, kisha Sunday Manara akamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza. Januari 1975, Unguja, ni hao hao Manara na Sembuli walioizamisha tena Simba, 2-0, kwenye fainali ya ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati.

Ugomvi wa wanachama ukaharibu shughuli. Klabu ilipasuka, na mwaka 1976 ikaundwa Pan African, vijana wengi wa Profesa wakaenda nayo. Waliohamia huko hawakuwa wa kuokoteza: timu ya taifa ilipokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, kina Juma Pondamali, Jella Mtagwa na Leodegar Tenga walikuwemo. Yanga iliyobaki ilikiona Julai 19, 1977: Simba 6, Yanga 0, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga matatu. Nadhani sifa za Profesa zilikomaa hapo. Aliyepanda mwembe huulizwa habari zake kivuli kikishahamia kwa jirani.

Mromania mwingine, Aristica Cioaba, aliipa Azam Kombe la Mapinduzi Januari 2018 kwa penalti dhidi ya URA ya Uganda. Akaondoka, akarudi, akaanza msimu wa 2020/21 kwa ushindi wa mechi saba mfululizo. Kufikia Novemba ya msimu huo huo alikuwa ameshafungashiwa virago. Sidhani kama Chamazi, kwa Azam, kuna kijiwe kinachobishania urithi wake. Siku hizi kocha hapewi hata muda wa kuzoea foleni ya Mbagala, sembuse kulea watoto.

Pan African walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1982, katikati ya ule wa Yanga wa 1981 na wa 1983. Mpe nafasi shabiki wa Yanga wa rika hilo, atakuhesabia mataji yote matatu kuwa ya nyumbani, na kubishana naye ni kupoteza jioni.